Kikombe cha Pili pale Stesheni

Treni haikuwa na saa tena pale Kajiado, lakini mawe ya kando ya reli yalipakwa chokaa kila mwezi, na aliyeyapaka alikuwa mzee ambaye hakuna mtu aliyemwajiri. Alikwisha kustaafu. Ofisi ilifungwa, dirisha la tiketi likapigiliwa mbao, kengele ikaondoka isijulikane na nani, na yeye akabaki katika nyumba ndogo ya matofali nyuma ya jukwaa la abiria. Watu waliendelea kumwita Stesheni Masta. Jina lake halisi ninalijua, lakini nikilitaja hapa nitajiona kama ninamzungumzia mtu mwingine.

Nilimfahamu nilipokuwa mmishonari. Mimi ni mtu wa Tukuyu, Tanzania, na kanisa langu huwatuma vijana wake mbali na kwao, wawili wawili, kwenda kufundisha na kusaidia watu: wavulana kwa miaka miwili, wasichana kwa mwaka mmoja na nusu. Wengine hupelekwa Brazili, wengine Ufilipino. Mimi niliambiwa Kenya, na rafiki zangu wakanicheka kwamba hata pasipoti yangu itaona aibu. Tulipanga Kitengela, ghorofa ya tatu, juu ya familia ya watu wa Kakamega waliokwenda kazini Nairobi kabla hatujaamka na kurudi tukiwa tumelala. Mtaani walituita Wamormoni wakitaka kuwa rasmi, na wasichana wa beji wakituonea huruma kwa jua.

Siku zile nikizikumbuka sasa huja bila mpangilio, zina mwanga mwingi na sauti kidogo. Punda wa maji wanapita chini ya dirisha. Mwenzangu, msichana wa Kimarekani mwenye pua inayobabuka kila wiki, amepiga magoti akitafuta soksi chini ya kitanda. Jumatatu tunafua, kisha tunapiga simu nyumbani, na mama yangu anaonekana kwenye simu paji la uso tu. Hatukuruhusiwa kuachana hata kwenda kununua chumvi, wala kubeba watoto wa watu, wala kuitana kwa majina ya kwanza. Kila mmoja alikuwa Dada fulani, na mpaka leo jina la kwanza la mwenzangu likitajwa huwa najiuliza kwanza ni nani. Alhamisi tulikwenda Kajiado, tukazunguka kwa waumini na kwa wagonjwa, na mchana ulipoanza kulegea tulielekea stesheni.

Stesheni Masta tulirithishwa. Wamishonari huhamishwa kila baada ya muda, na wanaoondoka huwaachia wanaokuja funguo, sufuria na watu. Yeye alikuwa amepita mikononi mwa wengi kabla yetu, na wote walianza naye upya, somo la kwanza, kwa sababu wote waliamini kwamba waliotangulia hawakulifundisha vizuri. Alilijua somo hilo kutuzidi. Mwenzangu alipokuwa akilitoa kwa Kiswahili chake cha darasani, mzee alisikiliza amefumba macho, kisha akanyoosha kidole.

"Hapo umemruka yule kijana," alisema. "Yule aliingia msituni kuomba. Wale wavulana wa kwanza walikuwa wanaanza na yeye. Rudi nyuma kidogo."

Mwenzangu akarudi nyuma, kwa yule kijana aliyekuja kuwa nabii wa kwanza wa kanisa letu.

Tulifundishia nje, kwenye benchi la abiria, kwa kuwa sheria zetu hazikuturuhusu kuingia nyumbani kwa mwanamume aliye peke yake. Yeye aliona hilo ni jambo la maana sana. Aliwahi kutueleza kwamba hata katika kazi yake abiria hawakuruhusiwa ofisini, na tangu siku hiyo alituheshimu kidogo zaidi. Alivaa koti la bluu lililopauka mabegani na viatu vyeusi vilivyong'aa katikati ya vumbi lote lile. Ili visichafuke alitembea juu ya mataruma ya reli, taruma baada ya taruma, akiinua magoti, na kwa mbali ungedhani anacheza peke yake.

Alikuwa na saa ya mkononi iliyosimama. Hilo halikumzuia kutugombeza tukichelewa. Aliitazama, akaigonga kwa kucha, akasema, "Masista, mnajua ni saa ngapi?" nasi tukaomba radhi. Saa yake ya kweli ilikuwa kivuli cha tangi la maji. Kilipogusa ukingo wa jukwaa, kwake ilikuwa saa kumi, na siku za mawingu saa kumi ilifika mbuzi wa Yeyo walipoanza kurudi.

Yeyo alikuwa mama wa Kimaasai aliyekaa ng'ambo ya reli na kumletea maziwa. Yeyo ni mama kwa Kimaa, na sisi hatukumjua kwa jina jingine. Kumsikia Stesheni Masta akimzungumzia ungefikiri ni adui. Mbuzi wake walilamba chokaa ya mawe. Mbuzi wake walilala kwenye reli. Yeye mtu wa Maragoli, aliyesomea kazi yake, angezeekaje akifukuza mbuzi? Miaka yote hiyo alikataa kujifunza Kimaa zaidi ya salamu. "Sopa," alisema bila kumtazama. "Ipa," Yeyo alimjibu, naye hakumtazama, akaweka kibuyu chini na kukaa palepale mpaka jua lipungue.

Lakini ulipokuja ukame, tangi la stesheni lilikuwa na maji yake ya kisima na kufuli lake, na kufuli lilikuwa la shirika la reli, na ufunguo alikuwa nao yeye bila ruhusa ya mtu. Tulimkuta asubuhi moja amefungua. Ng'ombe wa Yeyo na wa majirani zake walikuwa wamejaa mpaka kwenye jukwaa, mbavu zimewatoka, na Stesheni Masta alisimama katikati yao na bendera ya kijani mkononi akiwapanga.

"Hii ni makosa makubwa," alituambia. "Mtu akiuliza, nyinyi hamkuniona."

Tulivua beji, tukavaa suruali zetu za kazi, tukachota maji pamoja naye mpaka ng'ombe wa mwisho akanywa. Mvua iliponyesha alitutaka tukasugue mavi ya ng'ombe jukwaani na kupaka mawe upya, na alilalamika juu ya Yeyo siku nzima. Sijawahi kumpenda mtu anayelalamika kama nilivyompenda yeye siku ile.

Alinipenda mimi pia, nadhani, kwa sababu ya shikamoo. Kwao bara watu hawaamkiani hivyo, na mara ya kwanza nilipomwamkia aligeuka kumwuliza Yeyo ajibu nini. Yeyo hakujua. Niliporudi wiki iliyofuata alikuwa amekwisha kuulizia mjini. Alikuwa amekaa wima akisubiri.

"Marahaba!" alisema kabla sijafungua mdomo. Halafu akaniambia nianze tena, tufanye vizuri.

Kuanzia hapo nilikuwa Sista wa Shikamoo. Mwenzangu alikuwa Sista tu. Mzee alinitania kwamba ninaongea kama redio, na kwamba mtu akiongea vile Kitengela atauziwa nyanya kwa bei ya wageni, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Stesheni Masta alikuwa anakwenda nyumbani mwezi ujao. Hilo alilisema kwa kila aliyepita, na gunia lake lilikuwa limefungwa kwa kamba nyuma ya mlango, tuliliona kutoka nje. Mkewe alizikwa huko Maragoli, kwenye shamba lao, na pembeni yake pameachwa nafasi. Binti yao anapanga Gataka, upande wa Rongai. Jumapili moja tulimkuta binti huyo amemjia baba yake na unga na maneno mengi.

"Baba, si ukuje tu ukae na sisi? Ama basi uende nyumbani. Hapa unangoja nini?"

"Niko kazi."

"Kazi gani, Baba? Hakuna mtu anakulipa."

"Kwani wewe ndio ulikuwa unanilipa?"

Binti akatutazama sisi, akiomba msaada, na sisi tukatazama mawe meupe. Tulijua anangoja nini. Tulikuwa tumeshakiona kikombe cha pili.

Siku ya kwanza kabisa alikuwa ametutengea chai, nasi tukakataa. Kanisa letu halinywi chai wala kahawa. Ni amri ya zamani, tumeizoea, lakini Kenya kukataa chai ya mtu ni karibu sawa na kumtukana mama yake. Tulikuwa tumejifunza kusema haraka "maji tu, asante" huku tukitabasamu mpaka mashavu yaume.

"Hata ya maziwa?" aliuliza.

"Hata ya maziwa, Baba."

"Kwani chai iliwafanyia nini?"

Swali hilo nilikuwa nimelisikia kwa mama yangu. Mama anachuma chai. Nimekulia mgongoni mwake katikati ya mistari ile ya kijani, na baadaye nyuma yake, nikiwa na kikapu changu. "Kanisa gani hilo linalokataza kazi ya mikono yangu?" aliniuliza siku niliyobatizwa, nami nikamkumbatia tu. Kwa hiyo Stesheni Masta alipouliza, nilimwachia mwenzangu aeleze.

Hakutukaribisha tena, ila yeye mwenyewe alikunywa. Kivuli kilipogusa ukingo wa jukwaa aliinuka, akaingia ndani, akatoka na birika na vikombe viwili vya bati vyenye ua jekundu. Kimoja alikiweka mbele yake. Cha pili alikiweka mahali patupu kwenye benchi, akageuza mshikio wake uelekee kushoto, kwa kuwa mkewe alikuwa wa mashoto. Miaka ya kazi, treni ya magadi ilikuwa ikipita saa kumi kwenda Konza, na ikishapita mke alileta chai jukwaani, wakanywa pamoja kabla ya shughuli za jioni. Alipokufa, mzee aliendelea kumimina. Hakufanya siri na hakutafuta mtu wa kumwelewa. Alisema tu, "Mama watoto anakuja saa hii," kama anavyosema mtu ambaye mkewe ametoka sokoni.

Kilichofuata sijui nikielezeje. Mvuke uliinuka kwenye kikombe cha pili, na sisi wote tukanyamaza. Mwenzangu, ambaye hakujua kunyamaza, alinyamaza. Upepo wa Kajiado ulipita kwenye nyasi kavu, reli zikalia kidogo kwa joto linaloondoka, na Stesheni Masta akasema neno moja au mawili kwa Kimaragoli, kwa sauti ya chini, ya kawaida, kisha akasikiliza. Alikuwa akicheka wakati mwingine. Ile chai ilikuwa mbaya, majani ya vumbi tupu, pua yangu ilijua, lakini harufu yake ilinipeleka Tukuyu, kwenye ukungu wa asubuhi na mgongo wa mama ukipanda kilima mbele yangu. Sisemi kwamba mkewe alikuja. Nasema kwamba benchi lilikuwa na mtu. Kikombe kilipoacha kutoa mvuke alikiinua, akamwaga chai chini ya mpilipili ulio kando ya jukwaa, na somo likaendelea pale tulipoachia.

Na somo letu lilikuwa hilihili. Tunafundisha kwamba ndoa haivunjwi na kifo, kwamba mume na mke wanaweza kuunganishwa hekaluni wakawa pamoja milele, hata kama mmoja amekwisha kutangulia. Hayo mengine Stesheni Masta aliyasikiliza kwa heshima. Hili ndilo lililomweka kwenye benchi na wamishonari miaka yote. Aliliuliza kila wiki, kwa maneno mapya, akitafuta ufa.

"Yeye mwenyewe? Si mtu anafanana na yeye?"

"Yeye mwenyewe, Baba."

"Na mashoto yake?"

Mwenzangu alinitazama. Nikasema nadhani na mashoto yake.

Lakini njia ya hekaluni inapita kwenye ubatizo, na aliyebatizwa hanywi chai. Kwa hiyo ili awe na mkewe milele, ilimbidi aache kukutana naye saa kumi. Wote waliotutangulia walikuwa wamefika hapo na kukwama. Yeye alikubali siku ya ubatizo, siku ikakaribia, akasema mwezi ujao.

Sisi wamishonari tuna kawaida yetu ya kumaliza somo. Tunasema "najua". Hatusemi tunaamini wala tunatumaini. Najua kwamba haya ni kweli. Tumezoezwa hivyo tangu utotoni au tangu tulipoingia, na tunalisema neno hilo tukimtazama mtu machoni. Mwenzangu alilisema vizuri, machozi yakimlenga. Stesheni Masta alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta pumzi.

"Nyinyi watoto mnajua sana," alisema. "Mimi nimekaa kwa hii kazi mpaka nikazeeka. Treni ikitoka Magadi wananipigia simu, imetoka. Mimi naandika kwa ubao: inatarajiwa. Siandiki najua. Nitajua aje na sijaiona? Ikifika hapa, injini mbele yangu, moto nausikia kwa uso, hapo naandika imefika. Katikati ya hizo mbili hakuna neno lingine."

"Lakini Baba, sisi tunajua kwa moyo," mwenzangu akasema.

"Sawa. Moyo hauna ubao."

Tulirudi Kitengela tumenuna. Mwenzangu hakulala vizuri, na asubuhi alikuwa na mpango. Kwetu ni jambo la kawaida kumsaidia mtu anayetaka kuacha kitu: unakwenda kwake, mnatoa pamoja sigara au pombe au majani ya chai, mnaweka kitu kingine mahali pake. Alinunua kopo la chokoleti ya kunywa, kubwa, la zawadi kabisa. Tulipomweleza Stesheni Masta, tulitegemea atatufukuza. Hakutufukuza. Aliligeuza kopo, akaangalia picha ya kikombe kinachofuka moshi.

"Hii nayo inatoa mvuke," alisema.

Akaingia ndani, akatoka na pakiti yake ya majani, akampa Yeyo palepale. Yeyo aliipokea bila neno, akaiweka ndani ya shuka.

Alhamisi iliyofuata tulikuwa tumekaa kabla kivuli hakijafika. Alileta birika, akamimina chokoleti kwenye vikombe viwili, akageuza mshikio wa cha pili. Mvuke ukainuka, mtamu, mzito. Tukanyamaza. Mbuzi walirudi, wakapita, kengele zao zikapotea nyuma ya nyumba. Stesheni Masta alisema neno lake la Kimaragoli na kusikiliza. Akalisema tena. Kikombe kikatanda utando juu.

"Hakuja," alisema.

Alilisema bila hasira, kama anatoa taarifa kwa abiria. Alikaa wiki nzima hivyo, akatueleza, kila siku alimimina na kila siku hakuja. Mwenzangu alilia, alilia kweli, kwa sauti, akiwa amejiziba uso kwa Biblia, na mimi nilitaka kumkumbatia mzee lakini sheria hazikuniruhusu. Yeyo ndiye aliyeinuka. Alitoa pakiti ya majani ndani ya shuka lake, ileile, na haikuwa imefunguliwa.

"Hii nilikuwa nimekuwekea," alisema. "Wewe mzee ni kichwa ngumu, lakini hapana sumbua huyo mama. Amezoea."

Chokoleti alipewa Yeyo. Wajukuu wake waliifurahia sana.

Hatukumgusia tena chai. Tuliendelea kwenda kila Alhamisi, tukafundisha, tukasugua, tukapaka mawe, na saa kumi tukanyamaza. Mwenzangu alihamishiwa Nakuru, akaja mwingine, naye akaanza na somo la kwanza. Muda wangu ulipokwisha nilikwenda kumuaga. Nilikuwa nimeomba kwa Mungu kwa miezi, kusema kweli niliomba kuliko nilivyoomba jambo lolote langu mwenyewe, kwamba kabla sijaondoka nimwone amevaa nguo nyeupe za ubatizo. Aliniona ninavyomtazama.

"Usiniulize, Sista wa Shikamoo."

"Siulizi, Baba."

"Nikiacha, nabaki na nani saa kumi?"

Nikampa mkono wa kwaheri. Alisimama jukwaani na bendera yake ya kijani na kuipunga mpaka nikafika barabarani, na nililia njia nzima mpaka Namanga. Niliona nimempa mtu ahadi kubwa kuliko zote na kumwachia mlango umefungwa.

Nilirudi kwetu, nikaolewa, nikapata kazi. Bado nasali kanisani kwangu, siku nyingine kwa uhakika, siku nyingine kwa mazoea, na chai bado sinywi. Lakini habari ya Stesheni Masta nilimsimulia mama, na mama, ambaye kanisa langu hajalisamehe, aliipenda. Kila mara aliuliza, "Yule mzee wako bado anamwita mkewe?" Mwaka huu nilipopata safari ya kikazi Nairobi, alinijia na pakiti aliyoishona mwenyewe kwa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na chai ya juu, ya majani mawili na ncha, ambayo wachumaji wenyewe huinywa kwa nadra.

"Mpelekee," alisema. "Mke wa mtu hapokelewi kwa vumbi."

Niliipokea kwa mikono miwili. Nilishajiuliza mara nyingi, nikaona bora awe naye kila siku saa kumi kuliko kutokuwa naye kabisa. Niliteremka Kajiado alasiri, nimeibeba pakiti hiyo kifuani kama mtu anayepeleka posa.

Mawe yalikuwa meupe. Yeyo alikuwa amekaa ng'ambo ya reli, amezeeka. Stesheni Masta alikuwa kwenye benchi, mdogo kuliko nilivyomwacha, koti lile lile, viatu vile vile. Nilimwamkia.

"Marahaba!" alisema, akaitazama saa yake iliyosimama. "Umechelewa."

Nikampa pakiti, nikamwambia imetoka kwa mama yangu, ni kwa ajili yao wawili. Aliufungua mshono kidogo kidogo kwa kucha. Akaweka pua, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu sana, mpaka nikaona kope zake zimelowa.

"Hii angeipenda," alisema. "Aki, hii angeipenda."

Kisha akaifunga, akaiweka benchini upande wangu.

"Peleka kwa Yeyo. Mimi niliacha."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanieleza taratibu. Wamishonari waliofuata walikuwa wavulana, hawakumsukuma, walikuwa wanacheza mpira na wajukuu wa Yeyo. Jioni moja alikuwa akitazama reli, akajiambia kwamba yeye anawachekesha watu.

"Ubao ukisema inatarajiwa, stesheni masta anafanya nini? Anakaa anangoja aione? Hapana. Anatoa mbuzi kwa reli. Anafunga njia. Anasimama hapo na bendera yake. Mimi nilikuwa nimeandika kwa ubao, lakini mbuzi nimeacha kwa reli."

Alibatizwa Kitengela, kwenye kidimbwi cha kanisani. Kwetu mwili wote lazima uzame, na mara ya kwanza dole gumba la mguu lilichomoza, kwa hiyo wakamrudisha chini.

"Maji ilikuwa baridi," alisema. "Na wakanizamisha mara mbili. Mtu wa reli, mara mbili!"

Alicheka, nami nikacheka, na hapo nikamwuliza nililokuwa naogopa kuuliza. Nikamwuliza kama mama watoto huja.

"Hapana," alisema. "Tangu siku hiyo hajakuja hata mara moja."

Kivuli cha tangi kilikuwa kimeshagusa ukingo wa jukwaa. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na birika na vikombe viwili vyenye ua jekundu. Akamimina maji ya moto yenye tangawizi na maziwa ya Yeyo. Cha pili akakiweka mahali pake, mshikio ukielekea kushoto. Mvuke ukainuka. Nilisikiliza kwa nguvu zangu zote, na palikuwa na upepo na nyasi tu.

"Na bado unammiminia?"

"Kungoja ni kazi nilisomea," alisema. "Mwezi ujao naenda hekaluni Nairobi, watuunganishe. Binti yangu, naye ameshaingia kanisani, atasimama kwa niaba ya mama yake."

Mwezi ujao. Nilitazama mlango wa nyumba yake. Gunia halikuwepo nyuma yake. Mahali pake ilining'inia suti, imefunikwa karatasi ya dobi.

Aligeuka akanitazama machoni, kama sisi tulivyokuwa tukimtazama zamani tukimaliza somo. Uso wake ulikuwa mtupu, bila utani wowote. Niliona jinsi alivyotoa kila alichokuwa nacho kwa neno letu, saa kumi yake, kicheko chake, mtu wake benchini, na nikaogopa.

"Sista wa Shikamoo," alisema. "Bado unajua?"

Nilitazama reli inavyokwenda Konza, hadi pale inapoungana na kuwa mstari mmoja mwembamba ndani ya joto. Nilitaka sana kumpa neno lile la zamani.

"Inatarajiwa, Baba," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepokea simu kutoka stesheni ya nyuma na kuridhika nayo.

"Sawa," alisema. "Basi njia iko wazi."

Akakichukua kikombe cha pili, akageuza mshikio wake kutoka kushoto hadi kulia, akanipa mkononi.

"Kunywa," alisema. "Yeye atakunywa akifika."